Daktari wa Mizunguko Miwili

Mukuyuni nzima tulimwita Daktari kwa miaka kumi na sita kabla hajawa daktari, na alipokuja kuwa nusu daktari tulikuwa tumeshachoka kumwita. Wazee wenye Kiswahili cha ulimi wa Kikamba walimwita Ndakitali. Yeye aliitika kote kote, kwa unyenyekevu wa mtu anayepewa haki yake kwa kuchelewa. Nilipomkuta pale zahanati, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kazi yake ilikuwa kuosha vidonda na kuchemsha sindano. Hiyo ilikuwa kazi ya mshahara. Kazi aliyoiamini ilikuwa kukimbia mita mia nane, yaani mizunguko miwili ya uwanja, na baada ya hiyo alikuwa na nia ya kuwa daktari kamili, wa kupasua watu.

Mimi nilikuwa muuguzi, na aliniita Sista tangu siku ya kwanza hadi leo. Alikuwa mrefu na mwembamba kama ile nguzo ya kutundikia chupa za maji ya mshipa, na miguu yake ilianzia karibu na mbavu. Chini ya kwapa alibeba kitabu kikubwa cha viungo vya mwili chenye jalada lililong'oka. Kifuani alining'iniza saa ya kupimia mbio. Ukimtazama ulidhani vitu hivyo viwili vinampigania, lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyevitumia kukwepa kila kimoja kwa kingine. Uwanjani alikuwa daktari. Zahanati alikuwa mkimbiaji.

Nikimuuliza mbona sindano hazijachemshwa, alinitazama kama niliyesahau jambo la kitaifa. "Sista, nina mashindano Jumamosi."

Jumamosi yenyewe, pale uwanja wa wilaya, polisi mmoja mwenye miguu mifupi alimwacha mita za mwisho mbele ya macho yetu sote. Daktari alikaa kwenye nyasi akatufundisha. "Huku si kushindwa. Hii ni asidi. Msuli ukikosa hewa unatengeneza asidi, halafu mguu unakataa amri."

Kocha wake, mwalimu wa shule ya msingi mwenye filimbi shingoni, alimsikiliza hadi mwisho. "Na huyo polisi," akauliza, "yeye hana misuli?"

Aliwapima watu mapigo ya moyo bila kuombwa. Aliwashika kifundo cha mkono wanawake waliokuja kwa maumivu ya jino, wanaume waliokuja kuchukua barua, hata mhubiri aliyekuja kutuombea. Siku moja alimshika mama mmoja mzee kutoka bondeni, akatazama saa yake, akatikisa kichwa.

"Mwaitu, mama yangu, moyo wako ni themanini na nne kwa dakika. Wangu mimi ni arobaini na mbili."

Mama akamwangalia kwa huruma. "Arobaini na mbili? Basi mwanangu, umebakisha kidogo tu ufe. Na hili jino?"

"Jino si fani yangu."

Jambo lililoniudhi kuliko yote ni mapafu yake. Tulikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu waliokuja kila asubuhi kudungwa sindano na kumezeshwa vidonge mbele yetu. Ilikuwa zamu yake kuwapa vidonge. Daktari wetu alisimama mlangoni, akaweka vidonge kwenye sahani ya bati, akaisukuma sahani juu ya sakafu kwa mpini wa ufagio hadi miguuni pa mgonjwa, kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua. Nilimvuta nje kwa mkono wa koti.

"Unataka kuwa daktari wa watu gani? Wazima?"

"Sista, elewa. Haya mapafu ni mali ya taifa."

"Basi taifa lije liwape vidonge."

Nilichukua sahani nikaingia mwenyewe. Yeye alikwenda kukimbia. Nilimwona kupitia dirishani akipanda kilima cha kwenda sokoni, mgongo wima, magoti juu, na sitasema uongo, alikuwa anapendeza kumtazama. Wagonjwa wenyewe walisogea dirishani wakamtazama, wakikohoa.

Kuhusu chakula alikuwa na sheria. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa tunayopika na maharagwe, aliupiga marufuku kwa kila aliyekaribia kumsikiliza. Alisema unakaa tumboni saa nne na kuvuta damu kutoka miguuni. Aliwahubiria watu hivyo katika nchi ambayo hakuna kitu kingine cha kula kuanzia Agosti hadi mvua. Yeye alisema anaishi kwa mayai mabichi na maji ya moto. Jioni alipita jikoni kwangu, akainua kifuniko cha sufuria "kuangalia usafi," akaondoka na sahani mbili tumboni. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alimwuliza, "Na damu ya miguu?" Daktari alijibu kwamba kesho ni siku ya mapumziko.

Misemo alikuwa nayo tele, na mingi aliitunga mwenyewe kisha akaisingizia vitabu. "Mzunguko wa kwanza ni wa miguu, wa pili ni wa akili." "Mwili hausemi uongo, ila mwenye mwili." Alipenda kuisema hasa baada ya kushindwa.

Alama zake za shule hazikutosha chuo kikuu, lakini zilitosha kuomba chuo cha matabibu, wale wanaotibu watu wilayani daktari asipokuwepo, yaani karibu siku zote. Tuliandika maombi pamoja mezani kwangu. Jibu lilipokuja akaitwa Nairobi kwa mahojiano. Kanisa likamwombea, na mke wa mwenye duka akamwazima suti ya mumewe. Kumbe siku hiyo hiyo, mchana, kulikuwa na mbio za kuchagua timu ya kwenda nje. Mtu mwenye akili angechagua. Daktari aliamua kwamba uchaguzi ni wa watu wa polepole.

Najua yaliyotokea kwa sababu mmoja wa waliomhoji alikuwa metroni aliyenifundisha uuguzi, na alinisimulia akijifuta machozi. Alisema kijana aliingia na suti iliyomfikia juu ya vifundo, na ndani ya suti amevaa suti nyingine ya michezo, ya sufu, zipu hadi kooni. Jasho lilimtiririka. Metroni akamwuliza kama ana homa. Akasema hapana, anahifadhi joto la misuli. Wakamwuliza maswali ya mifupa akayajibu yote, tena vizuri kuliko wengi, huku akiitazama ile saa yake. Mwishowe mwenyekiti akamwuliza:

"Tuseme una mgonjwa aliye hali mbaya, na siku hiyo una mbio. Utafanya nini?"

Metroni alisema kijana alifikiri kwa dhati kabisa. Halafu akajibu, "Itategemea ni mbio gani."

Alitoka pale akipiga mbio barabarani na suti ya watu. Uwanjani walichukua watatu wa kwanza. Yeye alikuwa wa nne, kwa upana wa kifua. Alirudi Mukuyuni akatueleza kwamba chuo kilikuwa na chuki na wanamichezo, na kwamba wa tatu alianza kabla ya bunduki.

Baadaye shirika moja la serikali lenye timu ya riadha lilimwajiri. Kwenye karatasi alikuwa karani wa stoo, ingawa sidhani aliwahi kuujua mlango wa stoo yenyewe ulipo. Sasa alikimbia kwa mshahara, na siku moja tukasikia amealikwa kukimbia Ulaya na mashindano yatatangazwa redioni. Jioni hiyo duka la Mukuyuni lilijaa. Mchungaji alikuwepo, kocha alikuwepo na filimbi yake. Mtangazaji akasema Mkenya anaongoza, akataja jina lake, tukapiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Mzunguko wa kwanza umekwisha, Mkenya bado anaongoza. Halafu jina likapotea. Wakataja wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa nane. Yeye hakutajwa. Mtangazaji hakusema ameanguka, hakusema ameumia. Alinyamaza tu juu yake, kama mtu aliyemezwa na ardhi.

Wiki tatu Mukuyuni tuliamini amekufa na serikali inatuficha. Kina mama wa kanisa walifunga kula siku mbili. Kisha akateremka sokoni, mnene kidogo, na kofia mpya.

Kocha akamshika mabega. "Ulikuwa wapi?"

"Nilimaliza kazi yangu."

"Hukumaliza mbio!"

"Mwalimu, sikulipwa nimalize. Nililipwa niongoze mzunguko wa kwanza kwa kasi, niwavute wale wakubwa, halafu nitoke. Wananiita sungura."

Kina mama wawili waliofunga siku zile walitazamana. Yeye aliona fahari kabisa. Kwa misimu minne Daktari alikula na kuvaa kwa kuacha mambo nusu, na kila msimu ulipokwisha alirudi na kitabu chake kujitolea hospitali ya wilaya, ili chuo kikimkumbuka kimkute karibu na wagonjwa. Karibu, nasema, si kando yao.

Ilikuwa katika likizo moja ya namna hiyo, nami nimeshahamishiwa zahanati ya Kathonzweni, ndipo nyoka alipomuuma mume wangu.

Ilikuwa Novemba, mvua imetupiga siku tano. Alikuwa akisogeza rundo la matawi shambani saa nne asubuhi, kifutu akamgonga kwenye vidole vya mkono wa kulia. Walimleta kwangu akitembea mwenyewe, uso rangi ya jivu. Zahanati haikuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Nilifanya nilivyofundishwa enzi zetu. Nilichukua mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, nikaufunga juu ya kiwiko, nikaukaza, kisha kwa hofu nikaukaza tena. Chifu akaita hospitali kwa redio ya polisi. Wakasema Land Rover inakuja na dawa. Kisha wakasema Land Rover iko mtoni, maji yamefunika kivuko, haipiti.

Ndani ya gari hilo alikuwemo Daktari. Wanaume waliokuwa ukingoni walishikana mikono mto mzima, akavuka katikati yao, maji kifuani, kifurushi cha dawa kimefungwa kichwani kwa kitambaa. Kutoka ng'ambo hiyo hadi Kathonzweni ni maili tano. Watu wakamshangilia. Na hilo ndilo lililomponza, kwa maana huyu mtu hakuwahi kushangiliwa akaenda polepole. Alitoka pale mtoni kwa kasi ya mita mia nane, kwenye matope, mlima mbele yake.

Yaliyofuata niliambiwa na mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akiswaga punda wake na mitungi ya maji. "Alinipita kama mtu ambaye nyumba yake inaungua," alisema. "Nikapanda kilima, nikashuka. Nikamkuta amekaa juu ya jiwe, anatapika. Nikamwuliza, baba, unaumwa? Akaniambia ni asidi."

Ilikuwa haijafika maili moja na nusu. Alimpa kifurushi, akamwambia ni cha Sista wa Kathonzweni, mtu anakufa. Mama akamwaga maji ya mitungi miwili ili kumpunguzia punda mzigo, akamchapa fimbo. Dawa iliyokuja na bingwa ilifika kwa punda, saa saba na nusu, nami nikamdunga mume wangu.

Nusu saa baadaye Daktari akaingia. Alikuwa pekupeku, matope hadi kiunoni, matapishi kifuani, anaburuta mguu wa kushoto. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na niliyaanza.

"Umetumwa kuleta dawa, unaletwa na njaa ya makofi! Mtu anakufa hapa, wewe..."

Hakunisikiliza. Alikuwa anatazama mkono wa mume wangu. Ulikuwa umevimba na kugeuka rangi ya bilinganya, na kucha zilikuwa za kijivu. Aliinama, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, mahali pale alipopenda kuwashika watu. Alisikiliza muda mrefu.

"Sista, huu mpira umeufunga saa ngapi?"

"Saa nne. Na haufunguliwi. Ukifunguliwa sumu inapanda moyoni."

"Dawa imeshaingia. Sasa kinachouua huu mkono si nyoka. Ni mpira."

"Mimi ndiye muuguzi hapa! Wewe ni mkimbiaji."

Lilinitoka hivyo, na lilimwingia, niliona. Lakini hakuinua sauti. "Hapa hakuna mapigo, Sista," alisema. "Weka kidole chako mwenyewe."

Niliweka. Palikuwa kimya kama ukuta. Nilivuta mkono, nikampisha. Alipiga magoti kwenye sakafu, akaanza kuulegeza ule mpira kidogo kidogo, akingoja, akimtazama mgonjwa usoni, akiulegeza tena, akimwongelesha. "Mzee, unanisikia? Niambie majina ya ng'ombe wako." Mume wangu akataja ng'ombe. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima, na mtu ambaye sikuwahi kumwona akimaliza kitu aliimaliza. Alibaki hapo siku mbili. Mume wangu alipona akapoteza kidole kimoja, cha pete. Mpira ule ungekaa hadi jioni nilivyokusudia, wangemkata mkono kwenye kiwiko, na aliyemkata ningekuwa mimi.

Mwanamke wa punda alishikilia kwamba Daktari aliishiwa pumzi. Daktari mwenyewe alisema msuli wa nyuma ya paja ulichanika. Sisi tulicheka. Lakini alichechemea miezi mitatu, na majaribio ya timu mwaka huo aliyatazama akiwa upande wa watazamaji, na sungura hakuitwa tena Ulaya.

Kabla mwezi haujaisha, hadithi ilikuwa imeenea hadi Salama, barabara kuu: Daktari amekimbia maili tano na dawa, matope magotini, akamwokoa mume wa Sista. Aliyeieneza alikuwa yeye mwenyewe, kwa bidii. Punda hakuwemo. Nilikasirika, nikaapa nitasema ukweli kanisani. Jumapili nikasimama, nikakaa. Maana nikimtaja punda itabidi niutaje na mpira. Nikangoja yeye autaje, nimjibu. Hakuutaja Jumapili hiyo, wala mwaka huo, wala kwa mtu yeyote niliyewahi kumwuliza kwa kuzungukazunguka. Kwa majigambo yote aliyokuwa nayo, alijisifu kwa asilolifanya na kulinyamazia alilolifanya, nami nikaufurahia ukimya wake kama mwizi. Watu waliponiuliza nilisema, "Mimi nilikuwa ndani na mgonjwa, sikuona njia."

Chuo kilimkubali mara ya tatu alipoomba, magoti yameshakwisha, akiwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu wake. Alipohitimu walimpeleka Kitui. Tukapoteana.

Nilimwona tena katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimestaafu, nimekwenda Kitui kumtembelea binti yangu aliyeolewa huko, na presha ikanipeleka kituo cha afya. Foleni ilikuwa ndefu na haisogei. Mzee mmoja mwenye fimbo kando yangu kwenye benchi alilalamika tangu asubuhi. "Huyu daktari wa hapa, mtu akiingia anamwuliza hadi jina la babu yake. Tutalala hapa."

Zamu yangu ilipofika nikamkuta ana tumbo, tumbo la kweli, na mvi. Kwenye meza palikuwa na bakuli la muthokoi limefunikwa na kitabu cha wagonjwa.

"Sista!" Alisimama. Akaniuliza habari za mume wangu, za mvua, za kocha ambaye tulishamzika. Akanikalisha, akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akaanza kukijaza upepo. Kilipokaza juu ya kiwiko changu nikasikia nimeshindwa kunyamaza.

"Daktari. Ule mpira wa baiskeli. Kwa nini hukuwahi kumwambia mtu?"

Alikuwa na vifaa vya kusikilizia masikioni. Macho yake yalikuwa kwenye ile saa ya presha.

"Usiongee, Sista," akasema. "Napima."

Alipima mara mbili. Akaniandikia dawa, akanikemea kuhusu chumvi, akanisindikiza hadi mlangoni, na pale mbele ya benchi lote akashindwa kujizuia. Akaweka mkono begani kwangu, akawaambia watu kwamba huyu mama anamfahamu tangu zamani, kwamba mumewe aliumwa na kifutu, mito imefurika, gari limekwama, naye akachukua dawa akakimbia maili tano kwa miguu hii mnayoiona.

Mzee mwenye fimbo aliitazama ile miguu, kisha tumbo, kisha akanigeukia mimi. "Mama, ni kweli? Hili tumbo lilikimbia maili tano?"

Benchi zima likanitazama. Daktari hakunitazama. Alikuwa anafuta vile vifaa vyake kwa upindo wa koti, kwa makini kupita kiasi.

"Si tano," nikasema. "Zilikuwa saba. Na mvua ilikuwa inanyesha njia nzima."

"Asi!" mzee akashangaa, akasogea kumpa Daktari nafasi ya kupita.

Daktari akainua kichwa.

"Na nusu," akasema.